Mhandisi kizimbani: namna ya kutoa ushahidi wa kitaalamu katika mahakama za Zanzibar

Simu huanza hivi: "Injinia, nina kesi ya jengo. Nataka uje useme zege lilikuwa bovu."

Wakili anayepiga hana nia mbaya. Ana mteja aliyemaliza akiba yake kwenye nyumba inayopasuka, tarehe ya kesi imeshapangwa, na anatafuta mtu wa kulitamka kitaalamu lile ambalo mteja wake tayari analiamini. Kasoro iko kwenye neno moja: "useme". Mhandisi anayekubali kusema kabla ya kukagua ameshauharibu ushahidi wake hata hajaugusa ukuta. Siku atakapoulizwa ni lini alifikia maoni yake, atakosa jibu la kweli linaloweza kumsaidia.

Nawaandikia wahandisi wenzangu wa Unguja na Pemba. Vyuo vilitufundisha kukokotoa mihimili na nyaya. Kusimama mbele ya Jaji hakuna aliyetufundisha. Matokeo yake kesi nzuri hupotea kwa ripoti mbaya, na mara nyingine fundi asiye na kosa hulipishwa kwa sababu mtaalamu alizungumza zaidi ya alichokijua. Hilo linaniuma kila ninapolishuhudia.

Desturi inayobeba mwongozo wote huu ni moja. Daftari langu la kazi za mahakama lina safu nne: nilichokiona, nilichokipima, nilichoambiwa, na ninachokihitimisha. Kila sentensi ninayoiandika lazima iwe na safu yake. Isiyo na safu haiingii kwenye ripoti.

Hatua ya kwanza: jua umeitwa kama nani

Mhandisi huweza kuingia kwenye kesi kwa milango mitatu, na kila mlango una masharti yake.

Mlango wa kwanza ni wa shahidi wa kawaida. Ulisimamia ujenzi, ulikuwepo siku zege lilipomwagwa, ulisaini cheti cha malipo. Hapo unaitwa kueleza yaliyotokea mbele ya macho yako. Mlango wa pili ni wa shahidi mtaalamu: hukuwepo, lakini una elimu ya kuisaidia mahakama kuelewa kilichotokea. Wa tatu ni wa mshauri wa wakili, yule anayekaa ofisini akimfafanulia michoro, kumwonesha udhaifu wa ripoti ya upande wa pili na kumwandalia maswali. Huyu wa tatu yuko upande wa mteja waziwazi, na si aibu. Aibu ni mtu huyohuyo kuvuka baadaye akapanda kizimbani na kujitambulisha kuwa mtaalamu huru. Ukishakuwa mshauri, mwambie wakili atafute mwingine wa kutoa ushahidi.

Kwa kawaida shahidi haruhusiwi kutoa maoni. Anasema alichokiona na kukisikia, basi. Mtaalamu amefunguliwa mlango wa pekee. Kwa Zanzibar mambo ya ushahidi yanasimamiwa na Sheria ya Ushahidi Na. 9 ya mwaka 2016, lakini mzizi wa ruhusa hiyo ni wa zamani, na unatuhusu wahandisi moja kwa moja. Mwaka 1782 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya Folkes dhidi ya Chadd, juu ya bandari ya Wells katika jimbo la Norfolk iliyokuwa ikijaa mchanga na matope. Je, tuta lililojengwa kuzuia maji ya bahari ndilo lililosababisha? Mhandisi John Smeaton aliitwa kueleza maoni yake, upande wa pili ukapinga kwamba hayo ni maoni matupu. Jaji Mkuu, Lord Mansfield, aliamua kuwa maoni ya mtu aliyeisomea kazi yake yanapokewa. Mhandisi wa bandari alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kufunguliwa mlango huu, na kwa watu wa visiwani wanaoishi na mawimbi na mchanga unaohama, naona kesi hiyo inastahili kukumbukwa.

Ila ruhusa ina mpaka. Jaji halazimiki kukubali maoni yako. Anaweza kuyakataa yote akitoa sababu, hata kama hakuna mtaalamu mwingine aliyeyapinga.

Hatua ya pili: kabla hujasema ndiyo

Visiwa vyetu ni vidogo. Mkandarasi anayeshtakiwa ulisoma naye skuli, mdai ni mtoto wa ami yake mkeo, na saruji imetoka kwenye duka la mjomba wako. Kusema "sina uhusiano na mtu yeyote katika kesi hii" ni kauli nzito sana kwa mtu wa Unguja. Kwa hiyo andika kila uhusiano unaoujua, hata ule unaouona mdogo, umpe wakili kwa maandishi kabla ya kupokea hata shilingi. Mara nyingi uhusiano mdogo uliotajwa mapema hauna madhara. Uliofichwa ukaibuliwa na wakili wa upande wa pili humaliza ushahidi mzima, na mficha uchi hazai.

Kisha jiulize kama kazi yenyewe ni yako. Mhandisi wa majengo asitoe maoni juu ya chanzo cha moto wa umeme, na mhandisi wa umeme asiseme kwa nini nguzo imepinda. Uwe umesajiliwa na bodi inayosajili wahandisi, cheti chako kiwe hai, na uwe umewahi kuifanya kazi ya aina hiyo kwa mikono yako. Kuhusu usajili utaulizwa mwanzoni kabisa.

Malipo yaandikwe kwa saa au kwa siku, pamoja na nauli ya boti na gharama za maabara. Ukiambiwa "tukishinda utapata asilimia kumi", kataa hapohapo. Mtaalamu mwenye fungu kwenye hukumu amekuwa mdai wa pili.

La mwisho katika hatua hii ni kuomba swali kwa maandishi. "Njoo uangalie jengo" si swali. Swali ni kama hili: "Je, nyufa za ukuta wa mashariki zimesababishwa na shimo la karo lililochimbwa na jirani, na gharama ya kuurekebisha ukuta ni kiasi gani?" Hapo pana maswali mawili, la sababu na la gharama, na la gharama pengine linamfaa zaidi mkadiriaji majenzi. Swali likishaandikwa, unajua mipaka ya safu yako ya nne.

Hatua ya tatu: nyaraka

Omba zote, na zisizokusaidia zikiwamo: mkataba, michoro yenye tarehe, kibali cha ujenzi, kitabu cha maelekezo ya saiti, matokeo ya maabara, risiti za vifaa, picha za simu, ujumbe wa WhatsApp baina ya fundi na mwenye nyumba. Ujumbe wa simu siku hizi hufichua mengi kuliko mkataba. Andika orodha ya ulivyopewa na tarehe ulizopewa, na uandike pia ulivyoviomba ukavikosa. Yote yaliyomo humo ni ya safu ya tatu, mpaka uyathibitishe mwenyewe.

Hatua ya nne: ukaguzi wa saiti

Hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka, basi tusiende mbio.

Hakikisha wakili ameujulisha upande wa pili siku na saa ya ukaguzi, nao wapewe nafasi ya kuja na mtaalamu wao. Mjulishe sheha. Mbali ya kuwa ni adabu, sheha ni shahidi wa kujitegemea kwamba mlifika, mkakuta nini, na hamkuharibu kitu. Ukiwa Mji Mkongwe usithubutu kubandua hata lipu bila idhini ya Mamlaka ya Hifadhi. Eneo lile ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mtaalamu anayevunja sheria akitafuta ushahidi hujiwekea swali asiloweza kulijibu.

Anza mbali, malizia karibu. Piga picha ya mtaa mzima, kisha jengo, kisha ukuta, kisha ufa. Picha ya karibu iwe na rula ndani yake, na usiifute hata moja iliyoharibika, maana mfululizo wa namba ukikatika utaulizwa zilizokosekana zilionesha nini. Hifadhi faili zilivyotoka kwenye kamera. Picha iliyopita kwenye WhatsApp kwa kawaida huwa imepunguzwa ukubwa na taarifa zake za tarehe zimepotea.

Andika hali ya hewa, na kama ni karibu na pwani andika pia bamvua au maji mafu, maji kujaa au kupwa. Nimewahi kukagua chumba cha chini ambacho asubuhi kilikuwa kikavu na alasiri sakafu inatoka jasho. Mwenzangu wa upande wa pili alikagua asubuhi tu, akaandika kwamba hakuna tatizo la maji. Alichokiandika alikiona kweli. Saa ndiyo aliyosahau kuiandika.

Nyufa zipimwe kwa milimita, kwa kipimo cha nyufa, wala usiandike "kubwa" au "ndogo". Uainishaji unaotumika sana Uingereza huhesabu ufa usiozidi milimita 1 kuwa mdogo mno, hadi 5 mdogo, kutoka 5 hadi 15 wa wastani, kutoka 15 hadi 25 mkubwa, na zaidi ya hapo mbaya sana. Lakini upana peke yake hausemi kitu. Angalia mwelekeo: ufa wa mshazari unaopanuka juu hauna maana sawa na unaopanuka chini. Angalia umri: ndani ya ufa mna vumbi, utando wa buibui, rangi ya zamani? Ufa uliojaa rangi ya miaka iliyopita haukuletwa na shimo lililochimbwa mwezi jana. Weka alama na urudi baada ya wiki kadhaa kuona kama unatembea. Wakili atakuharakisha, mweleze kwamba kipimo kimoja hakiwezi kuonesha mwendo.

Ijue ardhi uliyosimama juu yake. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Jambiani na Paje kwenda juu, ni mwamba wa matumbawe wenye mashimo na mapango. Nguzo moja ya hoteli inaweza kukaa juu ya jiwe zima na ya jirani yake juu ya uwazi uliofunikwa na gamba jembamba. Kipime kwa kuchoronga. Usikubali kauli ya "hapa ni mwamba tu". Pemba ni habari nyingine: vilima, bonde baada ya bonde, udongo wa mfinyanzi unaovimba kwa masika na kusinyaa kwa kiangazi. Ukuta uliopasuka Wete usiusome kwa macho ya Paje.

Mji Mkongwe nao una lugha yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, karibu mita 3, kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, chokaa hulainika, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza bila mtu kuona. Ukiitwa kwenye mgogoro wa ukuta wa ushirika baina ya majirani wawili, kabla ya kumlaumu aliyeongeza ghorofa, tazama nani alipiga saruji na lini.

Sampuli ndizo zenye hatari kubwa kuliko yote. Kila kora ya zege (kipande cha umbo la silinda kinachokatwa kwenye jengo) au kipande cha nondo kiwe na namba, tarehe, mahali kilipotolewa kwenye mchoro, na saini za waliokuwepo. Kifungwe na kutiwa lakiri. Kila mkono unaokipokea usaini: aliyekata, aliyekipeleka bandarini, aliyekipokea maabara. Sampuli iliyolala usiku mmoja nyumbani kwa dereva bila maandishi inaweza kufa kisheria, hata kama hakuna aliyeigusa.

Hatua ya tano: namba za maabara na mtego wake

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu nimeona wahandisi wazuri wakianguka hapa.

Mkataba unataka zege la C25/30. Maabara inaleta jibu, wastani wa kora 3: newtoni 24 kwa milimita ya mraba. Zege limefaulu au limefeli?

Namba 25 ni nguvu ya silinda, 30 ni nguvu ya kyubu (mchemraba), zote zikipimwa siku ya 28. Ni zege lilelile, ila umbo la sampuli linabadilisha jibu. Kora ambayo urefu wake ni mara mbili ya kipenyo hulinganishwa na silinda. Ambayo urefu wake ni sawa na kipenyo hulinganishwa na kyubu. Zaidi ya hayo, zege lililokatwa kwenye jengo halitarajiwi kufikia nguvu ya sampuli iliyotunzwa majini maabara. Kanuni ya ACI, taasisi ya zege ya Marekani, huridhika wastani wa kora 3 ukifika asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa, na isiwepo hata moja iliyo chini ya asilimia 75. Viwango vya Ulaya navyo vina 0.85 katika hesabu zao.

Sasa rudi kwenye 24. Ikiwa ni kora ndefu, 24 kwa 25 ni asilimia 96. Zege limefaulu. Ikiwa ni kora fupi, 24 kwa 30 ni asilimia 80. Limefeli. Namba moja, hukumu mbili. Mhandisi aliyeandika "24 ni chini ya 30, hivyo zege ni bovu" bila kutaja urefu wa kora atavuliwa nguo mbele ya watu, na kama mteja wake alikuwa na haki, haki hiyo itakwenda naye.

Nyundo ya Schmidt, ile inayogonga uso wa zege, inafaa kutafuta mahali penye wasiwasi. Nguvu ya zege usiihukumu kwayo peke yake. Uso uliozeeka kwa hewa huwa mgumu kuliko ndani. Kioevu cha fenolifthaleini ni rafiki mzuri wa mahakamani kwa sababu Jaji anaona kwa macho: ukinyunyizia kwenye zege lililovunjwa hapohapo, lenye afya hugeuka waridi kali, lililopoteza kinga yake dhidi ya kutu ya nondo hubaki bila rangi. Lakini kwetu adui mkubwa ni chumvi, na chumvi haioneshwi na rangi hiyo. Ikiwa kuna shaka ya mchanga wa pwani usiooshwa, au nondo zimefunikwa kwa zege jembamba mahali panapopigwa na upepo wa bahari, omba kipimo cha kloridi, yaani chumvi hiyo, kwa kina tofauti. Kloridi nyingi nje na kidogo ndani imeingia kutoka baharini. Iliyo sawa nje na ndani, ilikuwamo kwenye mchanga au maji tangu siku ya kuchanganya. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwenye makosa ni mkandarasi au mazingira.

Hatua ya sita: kutafuta sababu

Andika sababu zote zinazowezekana, kisha uzipime moja moja dhidi ya safu ya kwanza na ya pili. Usianze na ile ya mteja.

Chukua moto. Hoteli ya makuti ikiungua, neno la kwanza mtaani ni "shoti", na kwa bahati mbaya ni neno la kwanza kwenye ripoti nyingi pia. Mhandisi anaokota waya wenye tone la shaba iliyoyeyuka, anaupiga picha, anaandika: chanzo ni hitilafu ya umeme. Subiri. Shaba huyeyuka nyuzi joto 1,085, aluminiamu 660. Moto mkali wa jengo unaweza kuiyeyusha aluminiamu bila shida, na mahali pengine hata shaba, bila cheche yoyote ya umeme. Tone la cheche kwa kawaida ni la mviringo, lina mpaka mkali, na waya ulio kando yake ni mzima; shaba iliyoyeyushwa na moto hutiririka, hukonda taratibu, haina mpaka. Na hata ukithibitisha kuwa ni tone la cheche, umethibitisha jambo moja tu: waya ulikuwa na umeme moto ulipoufikia. Moto ulioanzia jikoni ukala ngozi ya waya huacha tone lilelile. Ili useme umeme ndio ulioanzisha, unahitaji mahali moto ulipoanzia, kifaa kilichokuwapo hapo, na njia ambayo joto lake lilifikia makuti. Kusema "tumeondoa sababu nyingine zote, kwa hiyo ni umeme" hakutoshi. Ukikosa ushahidi, andika kuwa chanzo hakikubainika. Hilo nalo ni hitimisho la kitaalamu, na ni la heshima.

Majengo makongwe hudai uvumilivu zaidi. Beit al Ajaib, kasri la Mji Mkongwe, ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, ikachanganya kuta za matumbawe na nguzo na mihimili ya chuma. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafariki. Msiba ule ulitugusa sote. Kwa mhandisi, jengo la namna ile lina orodha ndefu ya kupimwa: umri, unyevu, chuma kilicholiwa na kutu, mizigo iliyoongezwa kwa miongo, ukarabati uliotangulia, na kazi yenyewe inayoendelea siku hiyo. Anayechagua moja kabla ya kuzipima zote anakisia.

Kiwango cha uhakika nacho hutofautiana. Katika madai, Jaji anauliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Katika jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya msingi. Wewe hubadilishi sayansi yako kufuata kesi. Eleza tu una uhakika kiasi gani na kwa nini, uamuzi ni wa mahakama.

Hatua ya saba: ripoti

Iandike kwa Kiswahili ikiwa ushahidi utatolewa kwa Kiswahili, au angalau uwe na muhtasari wake. Mhandisi mwenye ripoti ya Kiingereza anayelazimika kutafuta neno la Kiswahili akiwa kizimbani huonekana hana hakika, kumbe anatafuta tafsiri. Tengeneza faharasa yako mapema: mhimili, lenta, jamvi, nguzo, nondo, kifuniko cha nondo (unene wa zege linalozifunika).

Ripoti ianze na wewe ni nani, uliulizwa nini, ulipewa nini. Zifuate safu zangu nne kwa mpangilio uleule, bila kuchanganya. Mwisho tia tamko kwamba unajua wajibu wako ni kwa mahakama, na kwamba hujaacha jambo linaloweza kubadilisha maoni yako. Katika kesi ya meli Ikarian Reefer, Uingereza mwaka 1993, Jaji Cresswell aliorodhesha wajibu wa mtaalamu: maoni yawe huru, asiwe wakili wa upande wowote, ataje mambo yanayopingana na maoni yake, aseme wazi swali linapokuwa nje ya fani yake, na akibadilisha maoni aujulishe upande wa pili bila kuchelewa. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini yana nguvu ya ushawishi, na wakili anayejua kazi yake atakupima kwa orodha hiyo.

Mwaka 1953 mahakama ya Scotland, katika kesi ya Davie juu ya nyumba iliyodaiwa kuharibiwa na baruti za kuchimba mfereji wa majitaka, ilisema kazi ya mtaalamu ni kumpa Jaji vigezo vya kisayansi ili aupime mwenyewe usahihi wa hitimisho. Maana yake ni kwamba kuandika "kwa uzoefu wangu wa miaka 20" hakumsaidii Jaji hata kidogo. Mpe hesabu, mpe mchoro, mpe njia nzima toka kipimo hadi jibu, aweze kuipita peke yake.

Rasimu usimpe wakili akuandikie. Anaweza kukuonesha penye giza, lakini kalamu iwe yako.

Hatua ya nane: mbele ya Jaji

Utapokea samansi. Fika mapema, iwe Tunguu au Chake Chake, na ujiandae kusubiri nje. Shahidi hakai ndani kusikiliza wenzake mpaka mahakama iruhusu. Usizungumze kesi kwenye mabenchi wala kwenye boti ya kurudi. Watu wa upande wa pili huwa wamo humohumo.

Utakula kiapo, kisha wakili aliyekuita atakuongoza kueleza elimu yako, kazi uliyoifanya na ulichohitimisha. Ripoti itapokewa kuwa kielelezo. Zungumza na Jaji, si na wakili. Sema polepole, kwa kuwa maneno yako yanaandikwa. Namba zifanye zionekane: badala ya "kifuniko cha milimita 12", chukua rula uoneshe, kisha useme mchoro ulitaka 40.

Maswali ya dodoso, yale ya wakili wa upande wa pili, ndiyo yanayoogopesha, na sababu ya woga ni kudhani kwamba lazima ushinde. Hulazimiki kushinda. Angalia mfano:

"Injinia, umelipwa na mdai, siyo?"

"Nimelipwa kwa siku zangu za kazi, Mheshimiwa. Malipo yangu ni yaleyale vyovyote itakavyoamuliwa."

"Hukuwepo zege lilipomwagwa?"

"Sikuwepo."

"Kwa hiyo hujui lilichanganywa vipi."

"Jinsi lilivyochanganywa nimeambiwa, sikuona. Ninachokijua ni kora 3 nilizozikata mwenyewe, na matokeo yake yako ukurasa wa 9."

"Unakubali kuwa nyufa zinaweza kusababishwa na joto?"

"Nakubali. Nyufa za ukuta wa kusini zina alama hizo, na nimeandika. Za ukuta wa mashariki hazina."

Tazama namna safu zilivyofanya kazi. Kila swali lililenga kumvuta shahidi kutoka alichokipima kwenda alichoambiwa, naye akarudi kwenye daftari. Alikubali lililo kweli bila kusukumwa, na kila alipokubali, yaliyobaki yalizidi nguvu. Ukiulizwa "ndiyo au siyo" na jibu moja litapotosha, mwombe Mheshimiwa ruhusa ya kufafanua. Ukikosea, sahihisha palepale. Usipojua, sema hujui.

Mahakama inaweza kuamua kwenda kuliona eneo lenyewe. Ukiitwa siku hiyo, onesha, usihutubie, na usimsogelee Jaji pembeni kumweleza jambo ambalo upande wa pili hausikii.

Baada ya kutoka kizimbani

Kesi ya jengo huchukua miaka, na hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Huko watasoma kumbukumbu. Hutaitwa kufafanua ulichokusudia, kwa hiyo hifadhi nakala ya ripoti, picha halisi na daftari mpaka wakili akuthibitishie kwa maandishi kwamba hakuna rufaa. Mabaki ya kora usiyatupe. Yafunge kwenye plastiki, namba iandikwe kwa wino usiofutika juu ya zege lenyewe na tena juu ya mfuko, uyaweke mahali pakavu palipofungwa, na ufunguo usainiwe na kila anayeuchukua.